Ulemavu mkubwa si sababu ya mtu kupelekwa kituo cha matunzo: tuzungumzie huduma inayomfuata nyumbani kwake

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kuwatembelea nyumbani watu wenye ulemavu mkubwa: walioumia uti wa mgongo sehemu ya shingo, wenye mtindio wa ubongo uliokaza mwili mzima, wenye magonjwa ya misuli yanayozidi kadiri miaka inavyokwenda, na baadhi wanaopumua kwa msaada wa mashine. Karibu kila familia huniuliza swali lilelile: "Kwa hali hii kweli ataweza kukaa kwake?" Ndiyo, ataweza. Uzito wa ulemavu unatuambia mtu anahitaji saa ngapi za msaada kwa siku. Hautuambii aishi wapi, aishi na nani, wala alale saa ngapi.

Mtu akitoka wodini anahitaji watu wa namna tatu. Kuna wa kliniki ya wagonjwa wa nje: daktari wa utengamao, mtaalamu wa fiziotherapia, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na kama kumeza ni shida, mtaalamu wa kumeza na mawasiliano. Anaonwa, anarudi kwake. Kuna nesi anayefika nyumbani kuangalia vidonda, mpira wa mkojo, au tundu la kupumulia shingoni. Halafu kuna msaidizi binafsi, anayemtoa mtu kitandani, anayemwogesha, anayemlisha, anayekwenda naye kazini. Kwenye mipango mingi ninayoiona, wawili wa kwanza wameandikwa vizuri pamoja na tarehe zao, na huyu wa tatu ameachwa chini ya neno "familia". Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kliniki unakwenda mara moja kwa miezi kadhaa. Kugeuzwa kitandani ni kila usiku.

Chukueni asubuhi ya mtu aliyeumia kwenye pingili ya tano ya shingo. Mabega anayatumia, kiwiko anakikunja, vidole havishiki kitu. Msaidizi akifika, jambo la kwanza ni ngozi: kifandugu, makalio, nyonga, visigino. Kwa ngozi nyeupe unatafuta wekundu usiofifia ukibonyeza. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, kwa hiyo unatafuta eneo lililokoza rangi kuliko pembeni yake, lenye joto, au lililokuwa gumu au tepetepe chini ya kidole. Ukiliona, leo mtu huyo halikalii eneo hilo. Ukilipita, utarudi kukuta kidonda cha kufungwa kwa miezi.

Inafuata haja ndogo. Wanaotoa mkojo kwa kuingiza mpira na kuutoa, wanafanya hivyo kila baada ya saa 4 hadi 6, na kibofu kisiachwe kujaa kupita nusu lita. Haja kubwa ina siku zake na saa yake, mara nyingi baada ya kula kwa sababu chakula kinapoingia tumboni utumbo nao huanza kusukuma. Hilo peke yake linaweza kula saa nzima, na ukiliharakisha mtu atachafuka akiwa kazini mbele za watu. Kuoga: maji yanapimwa kwa kiwiko cha msaidizi au kipimajoto, kwa maana mwenye mwili hatahisi akiungua. Suruali inanyooshwa ili mshono wala mkunjo usibaki chini ya makalio. Kisha mashine ya kunyanyulia, kitambaa chake kipitishwe vizuri chini ya mapaja, kiti mwendo, mto wa kiti, miguu ikae sawa. Hadi hapo saa mbili zimekatika na siku ndiyo kwanza inaanza.

Sasa fikirieni mtu huyu ana kazi inayoanza saa mbili asubuhi, na shirika linalomletea msaidizi limempanga kwenye ratiba yao saa nne. Kazi imekwenda. Au zamu ya jioni inaisha saa mbili usiku, kwa hiyo mtu mzima mwenye akili zake analazwa saa moja jioni, atazame dari mpaka asubuhi. Hakuna daktari aliyeandika hivyo. Ulemavu wake haukudai hivyo. Ni ratiba ya watu wengine imekaa juu ya maisha yake. Jambo ninalolipigania kwenye uzi huu ni hilo: saa ziwe mikononi mwa mwenye mwili.

Na wala si wazo jipya. Kabla ya katikati ya karne iliyopita, wengi walioumia uti wa mgongo walikufa kwa vidonda na maambukizi ya njia ya mkojo, na madaktari wengi walishaona hakuna la kufanya. Daktari Ludwig Guttmann alifungua kitengo chake kwenye hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, akasimamia wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, kibofu kitunzwe kwa usafi, mtu apewe mazoezi na kazi ya kufanya. Watu wakaishi. Kuishi kukaleta swali ambalo hospitali haikuwa na jibu lake: anaishi wapi sasa?

Jibu lilitoka kwa wenye ulemavu wenyewe. Ed Roberts alipata polio akiwa na miaka 14, akapooza kuanzia shingoni, akawa analala ndani ya pafu la chuma, yaani mashine kubwa inayofunika mwili na kumsaidia mtu kupumua. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akapangiwa chumba kwenye hospitali ya chuo kwa kuwa mabweni hayakuweza kupokea mashine ile. Wenzake wenye ulemavu mkubwa wakamfuata, wakaanza kupanga wasaidizi wao wenyewe, na mwaka 1972 Kituo cha Kuishi kwa Kujitegemea cha Berkeley kikazaliwa, kituo ambacho si cha kulala watu bali cha wenye ulemavu kusaidiana waishi kwao. Ofisi ya serikali iliyowahi kuona ulemavu wake ni mkubwa mno kwa ajira ndiyo baadaye aliyokuja kuiongoza jimboni California. Huko Sweden, Adolf Ratzka na wenzake walianzisha Stockholm mwaka 1984 ushirika wa wenye ulemavu uitwao STIL, na sheria ya msaada binafsi ikaanza kutumika nchini humo mwaka 1994: fedha za msaada zinamfuata mtu, naye anachagua kuajiri mwenyewe, kujiunga na ushirika, kutumia manispaa au kampuni. Uingereza ilipitisha mwaka 1996 sheria ya malipo ya moja kwa moja, yaani mtu apewe fedha za msaada mkononi apange mwenyewe. Ujerumani, bajeti binafsi, ambayo ni fedha za aina hiyohiyo, ikawa haki ya kisheria kuanzia mwaka 2008. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1999, kwenye kesi ya Olmstead, kwamba kumweka mtu taasisini bila sababu wakati anaweza kuhudumiwa kwenye jamii ni ubaguzi.

Na juu ya yote hayo upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara ya 19 inasema mtu achague mahali pa kuishi na wa kuishi naye, na inataja msaada binafsi kuwa miongoni mwa huduma anazostahili kuzipata. Haijaweka mpaka wa "isipokuwa wenye hali mbaya".

Karibuni.

Mama Mlezi

Asante kwa uzi, nimeusoma wote. Naomba niulize kama mama. Mwanangu ana miaka 26, ana mtindio wa ubongo, haongei, na uelewa wake ni mdogo. Hao unaowataja wanaweza kusema nigeuze, nivalishe, leo nataka kutoka. Wangu ataelekezaje msaidizi? Namjua mimi tu. Na nikifumba macho usiku ninachowaza ni siku nitakapokuwa sipo.

Mleta uzi

Mama, nakuheshimu sana kwa swali hili.

Mwanao anaelekeza tayari, anakuelekeza wewe. Unajua anapokaza taya na kugeuza uso maana yake nini. Unajua sauti ya njaa na sauti ya maumivu. Maarifa hayo yamekaa kichwani mwako peke yako, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko ulemavu wenyewe. Yatoe. Anza daftari, uandike kwa maneno ya kawaida: akifanya hivi, sisi tunaona anataka kusema hivi, nasi tunafanya hivi. Kama kuna simu, mrekodi video fupi za kila ishara. Muombe mtaalamu wa mawasiliano ajaribu ubao wa picha au wa kuchagua kwa macho, maana wapo watu walioitwa "haelewi" kwa miaka, kumbe hawakuwahi kupewa njia ya kujibu.

Ibara ya 12 ya Mkataba huohuo inadai mtu asaidiwe kuamua, badala ya kuamuliwa. Kwa mwanao inaweza kuwa kundi dogo la watu wanaomjua na kumpenda, wanaokaa pamoja na kujiuliza: yeye amekuwa akionyesha anapenda nini? Wasaidizi wawe wachache na wadumu. Kwa watu wa hali yake, kubadilisha sura kila wiki ni sawa na kumkata ulimi.

Na usingoje dharura. Msaidizi aanze wewe ukiwepo, kisha utoke nje ya chumba, kisha utoke nyumbani, kisha alale usiku mmoja bila wewe. Akihamia kwake siku moja, ahame na watu anaowajua tayari. Wanaoumia sana ni wale ambao mama amefariki Jumatatu na Jumatano wamepelekwa kwa watu wasiowajua.

Nesi wa Jamii

Naunga mkono, ila kuna jambo moja la kitabibu siwezi kuliacha lipite, kwa sababu linaua na wasaidizi wengi hawafundishwi.

Mtu aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake anaweza kupandisha presha ghafla kwa sababu ya jambo dogo chini ya jeraha: mpira wa mkojo umekunjika, choo kimekaza, ukucha umeingia nyamani, hata kiatu kinachobana. Ataumwa kichwa cha kugonga, uso utaiva na kutoka jasho juu ya jeraha, huku chini ngozi ikiwa baridi. Msimlaze! Mkalisheni wima, miguu ishuke, legezeni mkanda, kiatu, soksi. Fuateni mpira wa mkojo kwa mkono tangu mwanzo mpaka mwisho. Kama kibofu kimejaa, kitolewe. Isipotulia haraka, dharura.

Msaidizi lazima ajue pia kwamba presha ya kawaida ya watu hawa huwa chini, mara nyingi ile namba ya juu iko 90 hadi 110. Ikipanda kwa 20 hadi 40 juu ya kawaida yake, hiyo tayari ni ishara ya hatari. Akifika hospitali na 140, daktari asiyezoea anaweza kusema ni presha nzuri tu na kumrudisha. Kwa hiyo presha yake ya kila siku iandikwe kwenye kadi ndogo, kadi ikae kwenye kiti mwendo, na msaidizi awe na ujasiri wa kuionyesha.

Bado Nauliza

Mimi nina wasiwasi, naomba msinichukulie vibaya. Kituoni kuna wahudumu muda wote, kuna vifaa, kuna wenzake wa kupiga nao soga. Nyumbani msaidizi akichelewa, mtu amelala hapo mwenyewe. Huoni kama usalama unatolewa kafara kwa ajili ya uhuru?

Mleta uzi

Wasiwasi wako una msingi, na kuna sehemu uko sahihi. Mtu mwenye msaidizi mmoja tu yuko hatarini. Mmoja ataugua, atafiwa, atapata kazi nyingine. Ndiyo maana nasema mpango usio na msaidizi wa akiba haujawa mpango, na shirika linaloleta wasaidizi lipimwe kwa jambo moja kabla ya mengine: saa kumi na mbili asubuhi msaidizi akikosekana, ni nani anapokea simu?

Lakini tazama na kituo kwa macho hayohayo. Usiku mhudumu mmoja anakuwa na watu wengi. Kugeuzwa kunafuata foleni. Maambukizi yakiingia chumba kimoja yanazunguka vyote. Na mtu akinyanyaswa na anayemwogesha, anamwambia nani, wakati huyohuyo ndiye atakayemwogesha kesho na hana uwezo wa kumkataa? Anayechagua msaidizi wake anaweza kumwachisha kazi. Huo nao ni usalama.

Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba ilitoa ufafanuzi wa Ibara ya 19 mwaka 2017, na mimi naona ndio waraka wenye msaada kuliko yote kwenye mjadala huu. Haikutazama ukubwa wa jengo. Ilitazama kama mtu analazimishwa kugawana wasaidizi na wengine, kama hana sauti juu ya nani amsaidie, kama ratiba ni ngumu isiyojali anachotaka, kama hakuchagua anaoishi nao. Nyumba nzuri ya watu wanne yenye bustani ikiwa na mambo hayo bado ni taasisi. Na hata nyumba ya mtu mwenyewe inaweza kugeuka hivyo, kama ule mfano wa kulazwa saa moja jioni.

Kuhusu upweke, nakubali kabisa. Saa za msaada zinazotosha kuoga na kula tu zinamfungia mtu ndani. Ziombwe na saa za kutoka: kazini, ibadani, msibani, kwa marafiki. Watathmini wengi, yaani wanaokadiria mtu apewe saa ngapi za msaada, hukata hizo kwanza, na mimi huwa naanza nazo.

Magurudumu Manne

Naongea kama mwenye mwili, mimi ndiye ninayenyanyuliwa. Nina ugonjwa wa misuli, natumia kiti cha umeme, nakaa kwangu na wasaidizi wa zamu.

Mnayosema ni kweli ila kuna kazi moja hamjaitaja: kuelekeza watu ni ujuzi, na hakuna anayezaliwa nao. Umelelewa miaka yote watu wakikuamulia, halafu siku moja unaambiwa wewe ndiye bosi, usaili mtu, umfundishe, umkosoe, umlipe kwa wakati. Kilichonisaidia ni wenzangu wenye ulemavu waliotangulia. Wao ndio walionifundisha kueleza kunyanyuliwa hatua kwa hatua: mkono wako wa kulia chini ya goti langu, sasa subiri, sasa nivute kuelekea kwako. Kituo cha kujitegemea kisichokuwa na wenye ulemavu wanaofundishana kina pengo.

Wakati wa usaili mimi siulizi sana vyeti. Namwomba anirekebishe mkono kwenye kiti. Anayeuliza "unapenda ukae vipi?" kabla hajanigusa, huyo nitamfundisha mengine.

Kliniki nako tusaidieni. Daktari anamwuliza msaidizi wangu "analala vizuri?" na mimi nimekaa hapo. Wasaidizi wangu wanajua wasijibu, wananitazama mimi mpaka daktari naye ageuke.

Na wasaidizi nao ni watu. Mgongo wa msaidizi ukiharibika kwa kuninyanyua bila mashine, sote wawili tumepoteza. Mkataba uandikwe, mapumziko yawepo, mashine ya kunyanyulia isihesabiwe kama anasa. Mtu aliyechoka ananiangusha.

Nesi wa Jamii

Hapo kwenye daktari kumwuliza msaidizi, naahidi kulipeleka kwa wenzangu. Ni kweli tunafanya.

Dada Mkubwa

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Mdogo wangu ana tundu la kupumulia shingoni na mashine usiku kucha. Wodini wako tayari kumruhusu, lakini mimi ndiye ninayeogopa. Umeme ukikatika je? Mrija ukiziba saa nane za usiku je?

Mleta uzi

Dada, usikubali aruhusiwe mpaka maswali yako yawe na majibu yanayoonekana kwa macho. Hiyo ni haki yako na yake.

Kwanza, usiku wake unahitaji msaidizi aliye macho. Wapo wanaotosheka na msaidizi anayelala chumba cha pili akisubiri kuitwa, ila mwenye mrija shingoni asiyeweza kujisaidia mwenyewe hayumo kundi hilo. Hilo liandikwe kwenye tathmini kwa maneno hayo, maana usiku wa macho na usiku wa kulala huhesabiwa tofauti.

Kando ya kitanda, mahali ambapo mkono unafika gizani, uwepo mrija wa akiba wa saizi yake na mwingine mdogo wake kwa saizi moja, kwa kuwa tundu huweza kusinyaa mrija ukitoka. Uwepo mfuko wa kupuliza hewa kwa mkono, huo hauhitaji umeme wowote. Mashine ya kufyonza makohozi iwe na betri, na ipatikane nyingine ya kukanyaga kwa mguu au ya mkono. Betri ya mashine ya kupumulia ijulikane inadumu muda gani ikiwa imechakaa kidogo, siyo ile namba iliyoandikwa kwenye boksi. Mdogo wako awe na kitufe cha kuitia anachoweza kukibonyeza yeye, kwa shavu, kidevu, au chochote kinachosogea, na kijaribiwe kila jioni kabla ya taa kuzimwa.

Kisha, kabla ya usiku wa kwanza, chagueni mchana mmoja nesi akiwepo. Zimeni umeme kwenye swichi kuu bila kumwambia msaidizi saa. Tazameni anafanya nini, anaanza na mashine au anaanza kumtazama mgonjwa usoni. Rudieni kwa kila msaidizi atakayelala hapo, na wewe mwenyewe pia. Mdogo wako ndiye aseme ni nani kati yao anamwamini abaki naye usiku, na mpango wa zamu uanzie kwenye jibu lake.

Kama tathmini yake ya saa bado haijafanyika, niandikie hapa nikusaidie kuipanga. Wiki moja kabla, andikeni kila anachosaidiwa, saa kilipoanza na kilipoisha, usiku na mchana, hata kufutwa jasho na kurekebishiwa mto.